Ombi la Kusamehewa Mtihani wa Udereva kwa Mfano wa Kinu cha Plum Bend

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Tume ya Vinu vya Nyuklia,
Kitengo cha Misamaha ya Ratiba.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi kwamba Jumanne iliyopita, saa nne kamili asubuhi, mbwa wa jirani yangu Verna Stroud hakulia.

Huenda huko mjini mkaliona jambo dogo. Hapa Harlan Fork, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi king'ora cha kinu hujaribiwa, na mbwa huyo hukiitikia toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu anayekimbia. Kinyozi huinua mkasi akangoja kelele ipite, na sisi wengine hutazama saa zetu na kuzirekebisha. Siku Plum Bend itakapolipuka kweli, mji mzima utakufa saa zikiwa sawa.

Jumanne hiyo kulikuwa kimya. Mbwa alikaa kwenye ngazi akiutazama mlingoti wa king'ora kama mtu aliyeahidiwa wageni. Ndipo tukasikia kwamba wakubwa wa kinu wameomba, nanyi mmewakubalia, msamaha wa ratiba: jaribio la king'ora limesogezwa, zoezi la dharura limesogezwa, na kile kipimo cha kuona kama jengo la kinu linavuja kimesogezwa mbele zaidi ya yote.

Siandiki kuupinga msamaha huo. Nimeupenda. Malalamiko yangu ni kwamba umeishia kwenye uzio wa kinu, nami nakaa ng'ambo ya barabara.

Mimi ni Delbert Kuipers, fundi mstaafu wa maghala ya mahindi. Katika jimbo letu mzee wa umri wangu haongezewi leseni mpaka apande gari na mtahini. Leseni yangu inakwisha mwezi huu. Kila mchana naendesha hadi mji wa pili, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kumlisha mke wangu Arlys, ambaye tangu apatwe na kiharusi hafungui kinywa kwa kijiko cha mtu mwingine. Wauguzi walijaribu wiki ile ya kwanza, akageuzia uso dirishani. Basi la abiria huku hatuna. Binti yetu Joleen anafanya kazi za zamu. Kwa hiyo leseni yangu ikilala, Arlys atalala njaa. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni hoja.

Nilianzia ofisi ya leseni, kama raia mwema. Nikamwambia karani naomba msamaha.

"Wa nini, mzee wangu?"

"Wa mtihani."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina historia nzuri."

Akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Ndiyo maana nimekuja kwenu, mnaojua thamani ya historia nzuri. Hoja zangu ni hizi:

1. Kwenye mkutano wa wananchi, katika ukumbi wa michezo wa shule, msemaji wa kinu Bwana Oesterle (kijana mpole, alituletea maandazi) alitueleza kwamba jengo halijavuja tangu kipimo cha mwisho. Verna akamuuliza wamejuaje. Akasema hakuna dalili iliyoonekana. Verna akasema, "Na kuiona hiyo dalili si ndiyo kazi ya kipimo, mwanangu?" Bwana Oesterle akamshukuru kwa swali zuri, akatukaribisha kahawa. Mimi nilielewa mara moja. Tangu mtihani wangu wa mwisho, hakuna mtahini hata mmoja aliyeniona nikikosea. Wala hakuna mtahini aliyepanda gari langu.

2. Ombi la kinu linasema kwamba kupima kwenyewe kuna hatari, maana kuwasha na kuzima mitambo kunaichosha. Hapa nilitaka kumkumbatia aliyeandika. Katika mtihani wangu uliopita nilikusudia kuwasha taa ya kukata kona, nikawasha vifagio vya kioo, na jua linawaka. Nyumbani halijawahi kunitokea hilo. Ni dhahiri kosa lililetwa na mtihani.

3. Kinu kimelalamikia upungufu wa wafanyakazi. Kwangu nipo peke yangu.

4. Kinu kina kinga juu ya kinga: moja ikishindwa, nyingine inasimama. Nami vilevile. Kinga ya kwanza ni macho yangu, ambayo tusiyajadili. Ya pili ni watu wa Harlan Fork, wanaolijua gari langu, Buick ya kijani, na ambao inapokaribia saa sita hupisha barabara wenyewe bila kuombwa. Tarishi amebadilisha njia yake kabisa. Ya tatu ni sanduku la barua la Verna, lililo juu ya nguzo kando ya barabara, ambalo limeshafanya kazi hiyo mara mbili bila kunung'unika. Zikishindwa zote, kuna shamba la mahindi, na kuanzia Julai mahindi ni laini.

5. Joleen hakubaliani nami, na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki nayaleta maneno yake. Alisema, "Baba, wale wakikosea tunakufa wote. Wewe ukikosea, unakufa wewe na mtu mmoja mwenye bahati mbaya." Nikamwambia ahsante, umenisaidia: ikiwa mwenye hatari kubwa amesamehewa, mwenye hatari ndogo anangoja nini? Akalaza kichwa mezani. Nimelihesabu hilo kuwa ni kukubali.

6. Mkishanipa msamaha huu, naomba muuongeze kidogo. Ufike kwa daktari wangu, anayetaka kunipima moyo ambao haujawahi kusimama. Ufike kwa Joleen, anayepiga simu kila jioni kuuliza kama nimezima jiko, ilhali nyumba bado ipo. Ufike kwa mchungaji wetu. Na kama Tume inafahamiana na mamlaka za juu zaidi, naomba hata Siku ya Kiyama isogezwe mbele kwa upande wangu, kwa kuwa faili langu, tangu lilipofunguliwa, halijakaguliwa na halina doa.

Naahidi kuendelea kujisimamia mwenyewe, kwa uangalifu uleule ambao kinu hujisimamia.

Nawasalimu nyote na familia zenu, anayepokea simu, anayepiga mihuri, na dereva wa ofisi, ambaye natumaini hajapimwa. Verna anawasalimu, ingawa kwa maneno ambayo sikuyaandika.

Ni mimi jirani wa kinu, upande unakoelekea upepo,

Delbert Kuipers

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, Joleen alinikokota kwenye mtihani. Mtahini, mama mmoja aitwaye Castañeda, alisimama nyuma ya Buick, tukiwa bado kwenye maegesho, akaniomba nikanyage breki aone kama taa zinawaka. Pedali ikashuka hadi sakafuni, haikurudi. Fundi Wendell amekuta bomba la breki limeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Aliniuliza lilikaguliwa lini, nikamjibu kwamba halijawahi kuvuja. Akanitazama kama Verna alivyomtazama yule kijana wa kinu.

Tulikuwa tumefika pale kwa gari hilohilo, nikiendesha mimi, Joleen kando yangu.

Kwa ajili hiyo mchana ule sikufika kwa Arlys. Muuguzi alimlisha. Alimaliza supu yote, akaomba nyingine.