Kabatini na Kamera ya Kifaransa

Leo nimeadhirika, tena mbele ya wakwe watarajiwa wa dada yangu!

Mnaijua ile kamera yangu ya filamu, ya Kifaransa, nyeusi, nzito kama tofali? Aliyezitengeneza kamera hizi enzi hizo aliwafikiria wenye mifuko mitupu kama mimi, Mungu amrehemu. Sasa, Bibi yangu hapigwi picha na simu. "Za simu mnafuta," husema. Ni kwa kamera hii tu alikubali. Leo asubuhi, hapa kwetu Ipuli, akavaa kanga mpya, nikaimaliza filamu nzima kwake.

Filamu ikakwama. Ukifungua kamera kwenye mwanga, picha zote zinaungua, na Bibi alishasema harudii. Nikatafuta giza. Giza la uhakika nyumbani ni kabati la nguo chumbani kwa Mama. Nikajifungia humo na kujifunika baibui lake kichwani. (Msiniulize. Nilikuwa naziba mwanga.)

Ndiyo kwanza nimeitoa filamu, nasikia vigelegele. Wageni! Wanawake wa upande wa bwana harusi wamekuja kumwona dada, na wanaingizwa chumba hichohicho. Mwanamume mzima nitokeje? Nikabana pumzi. Jasho hilo!

Ikaadhiniwa adhuhuri.

"Mswala nitapata wapi?" akauliza mama wa bwana harusi.

"Fungua hapo kabatini, dada," akajibu Mama.

Lahaula! Nikashika mlango kwa ndani. Akavuta, nikavuta.

"Mbona kabati linanivuta?"

"Shikamoo mama, usifungue! Bibi ataungua!"

Akapiga yowe: "Jini!" Mlango ukaachia, nikaanguka miguuni pake na baibui kichwani, filamu shingoni. Wageni wote wako juu ya kitanda.

"We Hamisi, umerogwa?" Mama akafoka.

Filamu imeungua yote. Wallahi nilitaka kulia. Bibi akajikongoja kuja kuona kuna nini, akanikuta sakafuni, akaketi kando yangu, akacheka mpaka machozi. Mgeni mmoja akatupiga picha kwa simu. Bibi akaomba aione. Akaitazama weee.

"Hii msiifute."

Basi, uchumba haujavunjika, na picha ya Bibi tunayo. Amependeza mno! Ikiwafikia huko mliko, mwangalieni Bibi. Huyo wa pembeni mwenye baibui hamumjui.