Wati Mia Tatu na Chai ya Chifu

Jumatatu, 4 Julai 1955. Kaaga.
Kosa la watu wengi ni kuchagua jenereta kama wanavyochagua fahali: kwa upana wa kifua na mngurumo. Mimi nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita. Wati za kila chombo huandikwa, kisha hujumlishwa. Balbu nne, sitini sitini: mia mbili arobaini. Redio, arobaini. Basi mashine ya mia tatu inatosha. Nimeipata kwa mwenye kiwanda cha mbao, naye amechukua fahali wangu.

Mke wangu Phyllis akauliza, na lile birika la umeme tuliloachiwa na mmisionari? Nikamweleza kwa upole kwamba birika huchemka dakika tano tu. Kitu cha dakika tano hakihesabiwi. Akasema, "Haya, Mwalimu." Sikuipenda sauti yake.

Binti yetu Lydiah anafunga ndoa Embu tarehe kumi na sita. Katika Hali ya Hatari hii, hakuna avukaye mto Thuci kwenda Embu bila kibali cha chifu. Chifu Mithika atakuja kunywa chai Jumamosi. Akinywa chai ya umeme, ataninyimaje?

Jumatano, 6 Julai.
Mashine imefika kwa punda. Niliifunika blanketi isipate vumbi. Homugadi wawili, askari wa chifu, wakaamuru nifunue. Nilipofunua, wakaruka mtaroni, bunduki juu. Nikainua mikono juu. Mdomo sikuufunga. Nikawaeleza habari za sumaku na waya hadi wakaniomba niende nyumbani.

Jirani yangu Bundi, fundi cherehani, aliitazama sana. Akauliza kama ndama huyu bado ananyonya.

Jumamosi, 9 Julai.
Chifu alifika saa tisa mchana. Balbu zikawaka, redio ikaimba. Akasema kumbe Mwalimu ni mtu wa maendeleo. Nikachomeka birika.

Balbu zikawa nyekundu kama macho ya mlevi. Mashine ikakohoa, kisha ikalia "paa!" kama bunduki. Nilipofika chini ya meza nilimkuta Chifu ametangulia. Kofia yake ilikuwa kwenye sahani ya nduma. Nje, kipenga cha homugadi. Kijiji kizima kikalala kifudifudi.

Phyllis peke yake alibaki wima. Alimimina maji ya birika kwenye sufuria, akaibandika kwenye moto wa kuni. Chifu alikunywa vikombe vitatu. Kisha akaipangusa kofia yake nduma, akaondoka.

Jumatatu, 11 Julai.
Vibali vimetoka. Phyllis amepata. Bundi pia, kwa sababu ndiye aliyeshona gauni la harusi. Mimi nimenyimwa. Chifu ameandika kwamba mtu anayelipua vitu sebuleni asivuke mto. Atakayemshika Lydiah mkono hadi madhabahuni ni Bundi. Nimeisoma karatasi mara nne. Bado inasema hivyo.

Nimetafakari. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Birika ndilo bovu. Kwa hiyo, mwenye nyumba yeyote utakayesoma haya: leo hii, andika wati za kila chombo ulicho nacho uzijumlishe, ila pasi ya nguo, maana hiyo hutumika Jumamosi tu.