Haki ya Kutazama Nyumba

Kwa furaha kubwa, Mamlaka ya Makazi ya Jiji iliwatangazia wananchi kwamba tatizo la nyumba limekwisha. Nyumba zenyewe zilikuwa bado hazipo, lakini hilo ni suala jingine na lina idara yake. Kuanzia Jumatatu, kila mwananchi angekuwa na haki ya kutazama nyumba.

Redio ilipotangaza hayo, Mama Pacha alikuwa saluni anasuka kichwa cha mteja, na roho yake iko juu juu. Mwenye nyumba wake alikuwa amempa mpaka Jumamosi awe amehama. Hakumfukuza, hasha, yule bwana ana utu wake. Aling'oa tu bati lililokuwa juu ya kitanda, watoto wapate hewa.

Dalali alikuwa ameshamzungusha mji mzima. Chumba cha kwanza kilikuwa na nguzo katikati. “Ya kuegemea ukichoka,” dalali akaeleza. Cha pili, mlango haukufunguka mpaka kitanda kitolewe nje. Cha tatu kilikuwa kizuri, ila mwenyewe aliuliza watakuwa wangapi. Akamjibu: yeye, mama yake, na mapacha.

“Mapacha wako wangapi?”

“Wawili, baba, kama kawaida.”

Mlango ukafungwa.

Basi Ijumaa akajikusanya na familia yake wakaenda kutumia haki yao. Nyumba ya Mfano ilikuwa ghorofa ya tatu: vyumba vitatu, jiko lenye dirisha, bafu la maji ya moto. Mkurugenzi wa Mamlaka aliichagua mwenyewe. Ingekuwa ya mfano mpaka bintiye aolewe, halafu ingekuwa ya binti.

Mlangoni alikaa Afisa Maridhio, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye kazi moja tu ya kuuliza kila anayetoka: “Umeridhika?” Mkurugenzi alikuwa amemwahidi Waziri maridhio ya asilimia mia, na nishani ilishaagizwa. Kwa hiyo akatoa amri kwamba mwananchi yeyote asitoke ndani kabla hajaridhika. Amri haikuwa imemsumbua mtu. Watu waliingia, wakashika kuta, wakameza mate, wakasema wameridhika, wakarudi walikotoka.

“Shikamoo, mzee,” Mama Pacha akasema.

“Marahaba. Na hiyo sufuria ya nini?”

“Ya kutazamia jiko,” akadakia bibi wa mapacha.

Afisa akawaza. Hakuna kifungu kilichokataza sufuria. Wakaingia.

Mapacha wakatimua mbio chumba hadi chumba, na kwa mara ya kwanza maishani mwao wakapata nafasi ya kupotezana. Mama Pacha alifungua bomba la bafuni, akaweka mkono chini ya maji ya moto, na machozi yakamtoka. Alilia kwa uchungu hasa, maana kesho yake hakujua angewalaza wapi wale watoto.

“Mama, umeridhika?” Afisa akaita.

Alifungua kinywa aseme ndiyo, maana ndivyo alivyolelewa. Akamwona mama yake ameshavua viatu, amenyoosha miguu sakafuni, amefumba macho.

“Bado,” akasema.

Afisa hakuwahi kupewa jibu hilo. “Bado kivipi?”

“Bafu nimeliona. Sijaliona likiwa na mtu anayeoga.”

“Hapo una hoja.”

“Na vyumba sijaviona vikiwa na watu waliolala.”

Afisa alikuna kichwa, akawarudishia mlango taratibu. “Basi tazameni polepole.”

Jumamosi Mkurugenzi akafika na bintiye, pamoja na fundi wa mapazia aliyeshika futi.

“Nani yuko ndani?”

“Mtazamaji, mheshimiwa. Tangu jana. Hajaridhika.”

“Mtoe!”

“Sawa, mheshimiwa. Kwa hiyo Waziri tumwambie asilimia tisini na tisa?”

Mkurugenzi akanywea. Akabisha hodi kwa adabu ambayo bintiye hajawahi kuiona nyumbani. “Mama, samahani. Nyumba ina kasoro gani?”

“Haina hata moja, baba. Ndiyo maana sina haraka nayo.”

“Tunataka tuione ikinyeshewa,” bibi akaongeza. Mbingu ilikuwa nyeupe, na mvua ilikuwa mbali kweli kweli.

Habari zikamfikia Waziri, akafurahi mno. Wananchi sasa wanatazama kwa kina! Ila foleni ilikuwa imekwama, kwa hiyo akaagiza itafutwe haraka Nyumba ya Mfano ya pili, nyumba ya Mamlaka isiyopungukiwa na kitu. Wataalamu wakatafuta kote wakaipata moja tu. Ilikuwa ile anayokaa Mkurugenzi.

Foleni yote ikahamia huko, na safari hii watu walibeba magodoro. Fundi viatu aliingia wa kwanza na wanawe watano. Umeridhika? Bado. Muuza magazeti akaulizwa. Bado kabisa. Mke wa Mkurugenzi akachukua nguo zake akaenda kwa dada yake, ambako mashemeji hawakaribishwi.

Jioni, kule ghorofa ya tatu, Afisa Maridhio akachungulia ukumbini. “Mama, kuna mtazamaji mwingine hapa. Mnaweza kutazama pamoja?”

“Aingie. Avue viatu.”

Akaingia Mkurugenzi, tai imelegea, sanduku mkononi. Alitazama vyumba alivyovichagua mwenyewe. Mapacha wawili wakamtazama yeye. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, na tumbo lake likanguruma wote wakasikia.

“Mheshimiwa,” Afisa akauliza kwa unyenyekevu, “umeridhika?”

Mkurugenzi aligeuka akatazama ngazi, kisha giza la nje, kisha sanduku lake.

“Bado,” akanong'ona.

Bibi akainuka, akamkabidhi ufagio.

“Haya, mwanangu. Anza kutazama ukumbi.”