Minazi ya Bi Mwanarusi Inanifukuzia Mnunuzi

Galu, 9 Machi 1955

Kwa Mheshimiwa Mudir, Msambweni.

Shikamoo, Mheshimiwa. Baada ya heshima zote unazostahili, mimi Athmani Boga, dalali mpya wa mashamba hapa Galu, naleta mashtaka yangu huku moyo ukiniwaka. Shamba la kwanza nililopata kuuza ni la Mzee Chirau, kule ufukweni. Mnunuzi ni Mzungu kutoka bara. Amepiga hema humo na mkewe, waonje upepo kabla ya kutia sahihi Ijumaa. Wakiondoka, narudi Ramisi kukata miwa, na baba yake mchumba wangu Mishi ameapa kwamba hamwozi binti yake kwa mkata miwa. Basi sikiliza niliyofanyiwa.

1. Ardhi ni ya Mzee Chirau, lakini minazi iliyo juu yake ni ya Bi Mwanarusi, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Najua ndiyo ada yetu, mchanga wa huyu na mti wa yule. Mzungu haijui, nami sikuona haja ya kumchosha mgeni kwa maneno mengi.

2. Juzi Bi Mwanarusi alimpeleka Matano mkwezi akaangue nazi. Matano ana adabu zake. Alipiga ukelele chini ya mnazi kama ilivyo desturi, ili wanawake wajisitiri. Bibi wa Kizungu, aliyekuwa amejianika juani na kitambaa kisichotosha kufutia sahani, akadhani anaamkiwa, akampungia mkono! Maskini Matano akapanda macho kayafumba, na nazi akaziangua vivyo hivyo. Moja ililiponda birika la chai la bwana.

3. Nilipokwenda kumsihi Bi Mwanarusi auze minazi, alinikaribisha uji, akaniuliza hali ya mama, kisha akaniambia kwa upole kwamba mimi ni mjinga. Nikamweleza kuwa kivuli cha minazi yake kinalala kutwa juu ya mchanga wa mwenziwe bila kulipa kodi. Akasema basi Mzungu na akae juani, mkewe keshazoea. Loo!

Kwa hiyo naomba utoe amri kwamba tangu leo mti uifuate ardhi yake. Ikishindikana, Bi Mwanarusi aing'oe minazi yake, mizizi na yote, akaipande kwingine kabla ya Ijumaa. Na hilo likishindikana, basi kila nazi inayotaka kuanguka ije kwanza kuomba ruhusa kwangu. Mirathi ya wazee isimzuie kijana kuoa.

Nisalimie wote hapo barazani, hata askari wa mlangoni aliyenifukuza wiki iliyopita. Sina kinyongo naye.

Ni mimi mtiifu wako,
Athmani Boga, Dalali

Nyongeza: Amri hiyo isiuguse mnazi mmoja ulio karibu na kisima, humo humo shambani. Mama aliupanda hapo kwa idhini ya Mzee Chirau, juu ya kitovu changu kilichozikwa nilipozaliwa. Asubuhi hii Mzungu aliuendea na shoka apate nafasi ya kuweka meza yake. Nikamrukia, nikamwambia mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya kusikika mpaka Diani, kwamba mchanga utakuwa wake lakini mti ni wangu, na wangu hauuzwi. Sasa hivi wanang'oa hema. Mheshimiwa, kama unafahamiana na baba yake Mishi, tafadhali nisemee.