Bunduki ya Baba Mkwe na Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Baba mkwe ameacha kuwinda. Magoti yamegoma. Katangaza leo mchana mezani, mdomo wangu umejaa, nikashindwa hata kusema pole. Bunduki yake, ile yenye kitako cha mti mwekundu, atamwachia mmoja wetu: ama mwanawe, yaani shemeji yangu, ama mimi niliyemwoa binti yake. Sharti ni moja. Jumapili atatuuliza sheria: bunduki ipi inaruhusiwa kwa mnyama yupi. Atakayejibu vizuri atafuatana naye kuomba kibali. Bunduki si fimbo ya kutembelea, alisema.

Shemeji ana miaka kumi porini. Mimi sijawahi kushika bunduki. Panya wa stoo yangu ananipita bila salamu. Lakini nina duka la fotokopi, na duka linatazamana na ofisi ya wanyamapori. Karatasi zao zote hupita mikononi mwangu.

Shemeji alinicheka waziwazi. Acheke tu. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Jumanne, 4 Juni

Bahati ya mtende! Tarishi wa ofisi kaleta kanuni mpya za uwindaji, kurasa kumi na nne, anataka nakala tano. Nimetoa sita.

Ukurasa wa tisa mashine imeutafuna. Asili nimeiokoa, nakala yangu imetoka nusu nyeusi kama sufuria la kuni. Na ukurasa wa tisa ndio wenye jedwali! Kushoto majina ya wanyama, kulia kaliba. Nilichoambulia: swala, sita. Nyati, tisa. Mengine giza.

Nikakaa nikifikiri kaliba ni nini. Nimefikia kwamba ni idadi ya risasi. Swala mmoja, risasi sita. Nyati mmoja, risasi tisa. Ni haki kabisa, nyati ni mnene. Nimekariri.

Jambo moja linanisumbua. Kifungu cha nne kinakataza bunduki ndogo kwa mnyama mkubwa. Kwa nini? Mimi ningekuwa nyati, ningeomba ndogo.

Jumatano, 5 Juni

Swali la jana limeninyima raha. Nimefunga duka saa nne, nikavuka barabara.

Afisa wa wanyamapori ni mama mwenye miwani mnyororoni na rula mezani. Nikamwambia namuulizia rafiki. Akanieleza kwa utulivu kwamba risasi ndogo haimuui mnyama mkubwa. Inamuumiza. Anakimbia nayo mwilini, anakufa siku ya tatu huko vichakani, peke yake, na aliyempiga yuko nyumbani anasimulia. Sheria hii, alisema, watu wanadhani ni ya bunduki. Ni ya mnyama.

Sikuwahi kufikiri kwamba karatasi zangu zina huruma ndani.

Kisha nikamuuliza mengine kumi na moja. Mbona bunduki ya marisau ni ya ndege tu? Kwa sababu chembe zake hutawanyika. Mbona ile inayomimina risasi mfululizo imekatazwa kabisa? Kwa sababu huo si uwindaji, ni kufyeka. Nilikuwa nafurahi kama mtoto. Mpaka akauliza rafiki yangu anawinda nini. Nikasema kiboko. Sijui kilitoka wapi! Kiboko haruhusiwi kwa bunduki yoyote. Miwani ikapanda puani. Akataka jina la huyo rafiki.

Nikataja la shemeji.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu karudi kutoka kwa kaka yake anahema. Maafisa wawili wameingia pale asubuhi, wanataka kuona bunduki, kibali, na kama kuna ngozi ya kiboko uvunguni.

Nimesema masikini, masikini, mara tatu. Nimeingia chumbani kucheka kwenye mto. Dhamiri imenigusa kidogo. Nikaipa mgongo.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Bunduki ya shemeji imekutwa safi, kibali hai, risasi zimefungiwa kabati lake na bunduki kabati lake. Maafisa wamependezwa. Wamekaa saa mbili, wamekunywa chai, wamemfundisha kanuni mpya zote kifungu kwa kifungu, na wamemwachia bango la rangi. Shemeji kalibandika sebuleni. Wanyama wote, kaliba zote, hakuna doa.

Mimi ndiye niliyemtafutia walimu! Bila hata asante.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa fundi bunduki. Mzee wa vidole vyeusi, tupa mkononi, mlango wa chuma. Nikamwambia najua kanuni, nataka tu kuhakikisha. Nyati risasi tisa, sivyo?

Aliweka tupa chini. Alicheka mpaka akashika meza.

“Bwana, ukimpiga nyati risasi tisa na bado amesimama, ya kumi omba Mungu.”

Kaliba, kumbe, ni upana wa tundu la mtutu. Kwa milimita! Akanipangia risasi tatu mezani: moja kama kifutio cha penseli, moja kama kidole changu cha mwisho, moja kama kidole gumba cha baba mkwe. Nikazigusa. Nikauliza namba iko wapi kwenye bunduki. Imechongwa kwenye mtutu, karibu na chemba, pale risasi inapoingizwa. Nikauliza kama zamani ilikuwa hivyohivyo. Akasema hapana, zamani nyati alipigwa na saba na watu wakanyamaza. Kanuni mpya zinataka tisa au zaidi.

Nimekaa pale mpaka akafunga. Sijawahi kujua kitu kidogo namna ile kina habari nyingi namna ile. Kesho nitamlaza shemeji chali.

Jumapili, 9 Juni

Siku yenyewe. Bunduki mezani, tupu, juu ya kitambaa. Baba mkwe kitini. Mama mkwe mlangoni na ndoo ya maharage ya kuchambua, anajifanya hasikii.

Shemeji alijibu kila kitu. Ndege, swala, ngiri. Nami nilijibu kila kitu. Marisau, milimita, vyote. Baba mkwe akatikisa kichwa, anatutazama kama watu wapya. Kisha akauliza la mwisho. Hii yangu je, kwa nyati?

Shemeji akatazama kitambaa. Akasema inategemea, Baba.

Inategemea! Nikaruka. Nikainama, nikasoma namba kwenye mtutu. Saba!

“Haramu!” nikasema. “Baba, hii kwa nyati ni haramu! Ni saba, sheria inataka tisa. Inamuumiza tu, anakwenda kufia mbali!”

Maharage yakaacha kudondoka kwenye ndoo.

Miaka yote tumesimuliwa nyati wa baba mkwe. Risasi moja, chini, puu. Kila harusi, kila msiba. Leo mzee akaishika bunduki, akaufuta mtutu kwa kiganja.

“Hakuanguka,” alisema. “Nilifuata damu mpaka jioni. Sikumwona tena.”

Mama mkwe akaja akasimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani.

Baadaye mzee akasema niko sahihi, na kwamba ni vizuri limesemwa. Nikaanza kunyoosha mikono kupokea. Akampa shemeji. Kwa swala tu, akamwambia, na kesho waende pamoja ofisini. Kisha akanigeukia, bila hasira.

“Wewe umejua. Mwenzio alijua tangu mwanzo, akaniachia niseme mwenyewe.”

Njia nzima nilimsumbua mke wangu. Nilimuuliza mara nne: kama wote tulijua, na mimi nilisema kwanza, nimeshindwaje?

Jumanne, 11 Juni

Jana sikuandika. Nilinuna.

Leo Mungu kanifungulia mlango. Mteja mgeni, mama mmoja mwenye kofia ya wavu mpaka mabegani na glavu nene. Alitaka nakala ya ukurasa mmoja tu. Kichwa cha habari: Kanuni za Kumiliki Mizinga.

Mizinga! Kila raia, imeandikwa, anaruhusiwa hadi kumi! Kumi! Shemeji na kibunduki chake cha saba! Nikamuuliza mama kama yake ni mikali. Akasema mikali sana, mwaka jana jirani alikimbizwa hospitali. Na sheria haikumgusa? Akasema jirani ndiye aliyeikaribia.

Nimetoa nakala yangu, nimeikariri yote kabla ya chakula cha mchana. Iwekwe mita mia mbili kutoka nyumba za watu, mahali penye kivuli. Hilo naelewa, kishindo. Maji yawe karibu. Naelewa pia, ni ya kupozea. Pazungukwe na maua. Hapo nimefikiri sana, na jibu nimelipata: ni ya kuficha.

Nimemtuma mke wangu akamwambie kaka yake kwamba Jumapili nitakuja na mmoja, tuupige uani.