Kitasa Kinachomkataa Letisia

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya tatu bila mke. Letisia yuko Mikumi kwa mama yake, ambaye alishikwa na homa. Nilitakiwa niende naye kumjulia hali mama mkwe. Sikwenda. Kulikuwa na fainali ya mpira kwenye runinga kwa jirani yangu Nickson, na fainali haiahirishwi kwa sababu ya homa ya mtu. Letisia hakugomba. Alifunga begi, akatia ufunguo wake wa mlango kwenye pochi, akasema atarudi akipenda.

Atarudi akipenda! Yaani siku yoyote atachomeka ufunguo, ataingia, atavua viatu, na mimi nitakuwa pale kama kabati. Haiwezekani. Nimepata wazo. Nitabadilisha matumbo ya kitasa ili ufunguo wake usifungue. Atalazimika kupiga hodi kwangu. Hodi ya kwanza sitaisikia. Ya pili nitakohoa. Ya tatu nitafungua, atasema samahani, nami nitamsamehe papo hapo, maana sina kinyongo. Ukweli ni kwamba nimemkumbuka hadi chai hainishuki. Hilo litabaki humu daftarini.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda sokoni kwa Nassir, fundi vitasa. Amesema nimletee kitasa, atakimaliza kabla sijamaliza soda. Asante sana, profesa. Nimemwambia mlango wangu naujua mwenyewe. Video nimeitazama yote kwenye simu, tena mara mbili. Ndani ya kitasa kuna silinda. Ndani ya silinda kuna pini tano ndogo za shaba, kila moja na urefu wake na springi yake. Ukibadilisha pini, umebadilisha ufunguo. Mtoto wa chekechea anaweza.

Nassir kanipa pini za kitasa chakavu kwenye kizibo cha soda, pamoja na ufunguo wake. Akauliza namfungia nani. Nikasema wezi. Akasema hajawahi kuona mwizi wa Kilosa anayetembea na ufunguo wa mwenye nyumba. Wateja wengine wakacheka. Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 11 Juni

Kazini nimeomba ruhusa, nimesema tumbo. Nimetandika mkeka barazani kwa ajili ya mwanga. Vifaa: bisibisi, msumari, na kibano cha nyusi cha Letisia. Saa tatu kitasa kiko mkononi. Saa tatu na nusu silinda iko nje. Nani fundi sasa?

Video ilisema silinda isukumwe polepole kwa kijiti, pini zisiruke. Huo ni ushauri wa waoga. Nimechomoa kwa mkupuo mmoja. Springi zimeruka kama panzi! Pini za zamani zimezama kwenye nyufa za baraza. Nimeinama kuzitafuta. Nilipoinuka, kuku wa jirani Mwanasha alikuwa na kichwa ndani ya kizibo, anadonoa pini mpya kama mtama. Amemeza nne. Moja nimeinyang'anya mdomoni mwake.

Nimemwomba Mwanasha, kwa adabu zote, amchinje kuku wake. Amekataa. Amesema kuku anataga, mimi sitagi. Nimemwuliza kama basi anaweza kuniangalizia kinyesi cha huyo kuku asubuhi. Amechukua ufagio, na si kwa ajili ya kufagia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekifunga kitasa kwa pini moja na springi moja. Jaribio la kwanza, ufunguo mpya: umefungua! Jaribio la pili, ufunguo wangu wa zamani, pacha wa ule wa Letisia: umegoma kabisa! Nimecheza peke yangu sebuleni. Kumbe hizo pini nyingine nne wenye viwanda wanajaza tu.

Jioni nimerudi kutoka kazini nikamkuta Nickson kwenye kochi langu, miguu juu ya meza, anatazama runinga yangu. Amesema alijaribu ufunguo wa kwake kwa utani, mlango ukafunguka. Nimeazima ufunguo wa Mwanasha. Umefungua. Yared, katekista, alikuwa anapita na ufunguo wa kanisa la kigango. Umefungua. Bisibisi imefungua. Nickson amejumlisha kwamba kitasa changu kinapokea mtaa mzima isipokuwa mke wangu. Nimemjibu kwamba hiyo ndiyo ilikuwa shabaha tangu mwanzo. Amecheka mpaka akakohoa, halafu akaniomba chai.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Letisia alikuja leo asubuhi, nikiwa kazini. Hakuniambia. Mama yake amepona, na alikuwa amepika pilau, akamtuma mwanawe aniletee kwenye hotipoti. Mwanasha aliona yote na amenisimulia taratibu, kwa furaha. Letisia alichomeka ufunguo, ukagoma. Akaufuta kwa kanga, ukagoma. Alikuwa bado amesimama hapo na hotipoti kichwani, Nickson akaja anapiga mluzi, akamsalimia shemeji yake vizuri, akachomeka ufunguo wake, akafungua, akamkaribisha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Letisia hakuingia. Aligeuka na pilau lake, akapanda basi la saa sita.

Saa kumi amepiga simu Mzee Hezekia, mshenga wetu, aliyenisemea hadi nikapewa mke. Nimesema shikamoo. Marahaba yake ilikuwa fupi sana. Ameuliza kama ni kweli nimebadilisha kitasa. Nimeanza kueleza habari za springi. Amenikatiza. Amesema mume akibadilisha kitasa mke akiwa kwao, ukweni wanaelewa jambo moja tu, na kwamba mama mkwe tayari ameuliza vyombo vya mwanawe vitafuatwa lini.

Vyombo! Mimi sitaki vyombo viende popote. Namtaka Letisia. Nimelia kidogo, jikoni, huku Nickson akiniuliza rimoti iko wapi.

Jumamosi, 14 Juni

Mikumi, mimi na Mzee Hezekia. Mama mkwe, kwa desturi, haongei na mimi ana kwa ana. Amekaa upande wa pili wa pazia, maneno yake yanapitia kwa mshenga, ambaye anayarudia yote, hata matusi, kwa sauti ya kusoma matangazo ya kanisani. Nimetoa pini moja kwenye leso kama ushahidi. Nimeeleza video, kizibo, kuku. Mzee Hezekia alifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

Letisia, aliyekaa upande wetu wa pazia, aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua, angepiga hodi, ningemwacha nje kwa muda gani. Nikasema kweli: hadi hodi ya tatu, ila ya pili ningekohoa. Akanitazama muda mrefu. Nilijisikia mdogo, na nilisema samahani bila kuambiwa. Ilitoka yenyewe.

Hukumu: Letisia anarudi. Nassir atatengeneza kitasa. Ufunguo utakuwa mmoja, utakaa kwa Letisia, na mimi nitapiga hodi mwezi mzima. Nimekubali yote. Ningekubali hata mwaka. Jioni Nassir amemaliza kazi kwa dakika tisa, nimezihesabu.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe amekuja Kilosa kuona hukumu inatekelezwa. Yeye na Letisia wako sebuleni. Mimi nimetoka misa nikachelewa kidogo kwa maongezi. Nimepiga hodi. Kimya. Nimepiga ya pili. Letisia amekohoa!

Sasa, mtu mwenye akili afanye nini wakati anasubiri? Kitasa kipo mbele yake, msumari upo mfukoni. Chini ya kitasa kuna kitundu. Ukikibonyeza, kitasa kinatoka kizima kizima, unapima pini za Nassir, unajichongea ufunguo wako kimyakimya, unakirudisha. Dakika mbili. Nimebonyeza. Nimevuta. Kimetoka, na chuma cha katikati, kinachokiunganisha na kitasa cha ndani, kimetoka nacho.

Letisia alikuwa ndiyo anakuja kunifungulia. Kitasa cha ndani kinazunguka bure. Nyumba yetu ina mlango mmoja na madirisha ya nondo. Nimewaambia watulie, fundi yupo.

Hapo nimesikia jina langu. Donati. Ni sauti ya mama mkwe mwenyewe, bila mshenga, kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya ndoa. Nimepiga goti mbele ya mlango, nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Amesema nikamwite Nassir, sasa hivi.

Nimemjibu kwa heshima zote kwamba Nassir hana haja ya kusumbuliwa siku ya Jumapili. Video ina sehemu ya pili. Naandika hapa barazani wakati inafunguka kwenye simu.