Ombi la Watu wa Bondeni Kuandikishwa Uanachama wa Bwawa

Gongo la Mboto,
Mei, 1953

Kwako Bwana Mhariri,

Pokea salamu zangu. Naomba nafasi gazetini mwako, hata pale chini kwenye matangazo ya baiskeli, nieleze shida yetu sisi tunaoishi bondeni, chini ya bwawa la Mdachi.

Kwa msomaji asiyelijua: kabla ya ile vita ya kwanza Mdachi mmoja aliuziba mto wetu kwa ukuta wa mawe, apate maji ya shamba lake la mpira. Mdachi akaondoka, mipira ikafa, ukuta ukabaki. Siku hizi Kilabu cha Bwawani, ambacho wanachama wake ni mabwana na mabibi wa Kizungu, huja kila Jumapili kuogelea na kushindana kwa mashua. Hatuna neno. Mtu aliyechoka kututawala juma zima hana budi kuoga.

Neno letu ni ufa. Umeanzia juu ya ukuta ukashuka hadi chini, na upana wake ni wa kutosha kuku wa jirani yangu, Bi Tabu, kutagia humo. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kilabu kimesimamisha kibao: USALAMA WA WANACHAMA KWANZA. Hapo umetundikwa mpira mweupe wa kumwokoa mtu anayezama. Ni mzuri sana. Lakini umetundikwa upande wa juu, ambako maji yametulia na yanamfika mtu kiunoni. Upande wa chini, yatakakoangukia maji yote siku ukuta ukichoka, hakuna hata kamba. Simlaumu mtu. Kibao kimesema wanachama kwanza, nasi hatujawa hata wa pili.

2. Fundi wa Kilabu alikuja kuutazama ufa. Akasema usizibwe, kwa kuwa ukuta ni wa kihistoria na saruji mpya itaharibu sura yake kwenye picha. Ni kweli wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakuwa na kamera.

3. Jumapili baada ya Pasaka yalikuwapo mashindano ya mashua. Maji yalionekana machache, basi mlango wa maji ukafungwa kwa mbao tangu Ijumaa ili bwawa lijae. Mvua nayo, kwa kutaka kusaidia, ikanyesha. Kufika Jumapili alasiri maji yalikuwa yanachungulia juu ya ukuta, mawe yanalia. Kilabu kikaogopea mashua zake, kikaufungua mlango wote kwa mara moja. Hakikutuma mtu wala kupiga kengele.

Bi Tabu alikuwa shambani anavuna mpunga, na mke wangu Adelina akimsaidia. Walisikia mvumo wakadhani ni gari moshi. Adelina aliwahi kushika mkuyu. Bi Tabu, ambaye ni mjane wa makamo na mguu wake mmoja ni mbovu, maji yalimbeba. Adelina alimdaka kwa kanga, kanga ikachanika, akamdaka kwa nywele. Nilipofika mbio nilimkuta mke wangu amekumbatia mti kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umemshika jirani yetu kichwani, anamfokea, “Usiniachie, Bi Tabu! Ukifa nitakununia mpaka kiama!”

Hakufa. Mpunga wake wote ulikwenda na maji, pamoja na ukuta mmoja wa nyumba yake, ule wenye dirisha.

4. Kesho yake nilimwendea Bwana Katibu wa Kilabu. Nilivua kofia.

“Kuna mtu amekufa?” akaniuliza.

“Hapana, Bwana.”

“Basi ukuta umefanya kazi yake.”

Nikamweleza habari za mpunga. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini tunalima mahali penye maji. Nikamjibu kwamba tangu enzi za mababu akina Bi Tabu wanalima mpunga, wala haijawapitia akilini kuulima penye ukavu.

5. Kwa kuwa usalama ni wa wanachama, dawa ni moja: tuandikishwe sote. Kaya zote za bondeni, Waislamu na Wakristo, wakongwe na watoto wachanga. Bi Tabu ameuliza kama mbuzi nao wataandikishwa, nimemwambia nitaandika. Ikiwa sharti ni kuvaa nguo za kuogelea, tutavaa, ingawa maimamu na mapadri watapata shida. Ikiwa sharti ni kujua kuogelea, Kilabu chenyewe kimeanza kutufundisha. Ikishindikana, basi ukuta ugeuzwe, maji yakae bondeni na sisi tukae kwenye mashua.

Kwa heshima zote naishia hapa. Nisalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti wa Kariakoo, na wasomaji wote wa bara na pwani, hasa wanaoishi mlimani.

Ni mimi mtiifu,
Gozbert, karani

Tanbihi: Bwana Mhariri, kabla sijaitia barua hii posta, Bwana Katibu ameniita. Nimefanywa Mwangalizi wa Usalama wa Bwawa. Nimepewa filimbi, kaptura nyeupe na nyumba ya bati huku juu kilimani. Nimeutazama ukuta kwa makini kutoka huku: ufa hauonekani hata kidogo. Naona tulitia chumvi. Malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, nayafuta. Tafadhali usiichape barua hii. Adelina bado hajahamia kwangu, lakini atakuja.

Tanbihi nyingine, kwa mkono wangu mimi Adelina: Mume wangu, Baba Ansbert, hakuituma barua hii. Alinipa nikawashie moto. Nimeisoma kwanza. Jana usiku ukuta ulitema mawe mawili, na filimbi hatukuisikia. Mimi ninalala kwa Bi Tabu, tunapokezana kukesha. Ichape, Bwana Mhariri. Ichape upesi.